Gia ya Pili Tangu Juu

Wekulo aliendesha pikapu ya Mbeti kwa miaka tisa, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kumwaga hata mkebe mmoja wa rangi. Watu wa yadi ya Mbeti, nyuma ya Barabara ya Jogoo pale Makadara, walikuwa wakisema kwamba trela likifungwa nyuma ya Wekulo ni kama mtoto aliyefungwa mgongoni mwa nyanyake: litatulia tu. Sifa hiyo aliipenda. Hakuitaja kwa mtu, lakini alitembea nayo kifuani kama mtu atembeavyo na barua nzuri.

Mbeti, mwenye yadi, alikuwa mama wa Embu mwenye sauti ndogo na jicho kali. Aliunda mashine za kusaga mahindi. Vyuma vilikatwa, vikachomelewa, vikapakwa rangi ya kijani, kisha mashine mbili tatu zikapandishwa kwenye trela pamoja na injini zake, na Wekulo akazivuta hadi Narok, hadi Bomet, hadi popote palipokuwa na mahindi na watu wa kuyasaga.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya dizeli, ya gia za mkono. Mtu aliyezoea gari la petroli hudhani ukiondoa mguu kwenye mafuta injini yoyote itashika gari. Ya dizeli haishiki hivyo. Huendelea kuvuta pumzi kana kwamba hakuna kilichobadilika. Ndiyo sababu fundi mmoja wa Kariobangi alikuwa ameifungia pikapu ile breki ya eksozi. Ni kifuniko cha chuma ndani ya bomba la moshi. Dereva anabonyeza swichi, taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi, kifuniko kinaziba njia ya moshi, na injini inajikaba yenyewe. Gari linapungua mwendo, na breki za mguu zinabaki baridi, tayari kwa la dharura. Trela halikuwa na breki zake. Mzigo wote ule, kama tani mbili, ulimtegemea mtu aliyekaa mbele na jinsi alivyotumia injini.

Ijumaa moja, Wekulo akipanda mteremko wa Mai Mahiu kurudi Nairobi, pikapu ilikosa nguvu ghafla. Ilikohoa moshi mweusi, ikatambaa kama mgonjwa. Aliegesha kando, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akaingia chini. Kifuniko kile kilikuwa kimeganda kwa masizi, kimekwama nusu wazi nusu kimefungwa. Alikigongagonga kwa bisibisi mpaka kikafunguka, akachomoa mpira wa hewa uliokuwa ukikivuta, na ili kisijifunge tena njiani, akaufunga mkono wa kifuniko kwa kipande cha waya wa kufungia nondo. Gari likapata pumzi. Alipofika juu alijaribu swichi. Taa ya manjano iliwaka vizuri kabisa, kwa sababu taa ilijua swichi tu. Haikujua lolote kuhusu kilichokuwa chini.

Akasema moyoni, Jumatatu nitamwita fundi aisafishe.

Jumatatu asubuhi, kabla hajamwita fundi, Mbeti alimwita yeye.

"Keti, Mzee Wekulo," alisema. "Nani aligonga lango wiki iliyopita?"

"Ni mimi, Madam. Ni kukwaruza tu. Kulikuwa na giza kidogo."

"Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Watu wote waliliona lango." Mbeti alitazama mikono yake. "Macho yako yana shida, na umenificha. Mimi siwezi kukaa hapa na wasiwasi kila ukitoka. Nimepata dereva mwingine. Kesho mnaenda Narok pamoja, umwonyeshe njia na wateja. Ukirudi utasimamia stoo. Sikufukuzi."

Ilikuwa kweli. Tangu mwaka uliopita taa za magari yaliyokuja mbele zilikuwa zimeanza kumpasukia machoni kama chupa. Lakini kweli nayo huuma, pengine kuliko uongo. Wekulo alisimama, akasema, "Sawa, Madam," akatoka nje.

Dereva mpya alikuwa tayari uwanjani, akipangusa kioo cha pikapu kwa shati kuukuu. Aliitwa Sydney, mtu wa miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye pengo la jino mbele lililofanya kicheko chake kionekane cha mtoto. Alikuwa ameendesha lori la mchanga kwa miaka sita. Alikuja mbio akanyoosha mikono yote miwili.

"Niaje, mzae. Wamenishow wewe ndio mwenye hii ngoma," alisema, akielekeza kidevu kwenye pikapu. Halafu alipoona uso wa Wekulo, akarudi kwenye Kiswahili cha heshima. "Mzee, sikuja kukunyang'anya kitu. Niliambiwa kuna kazi, nikaja. Hebu niambie, hii gari iko aje? Kuna kitu nafaa kujua?"

Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Kuna waya chini. Breki ya eksozi haifanyi kazi, usiiamini taa. Maneno machache tu. Wekulo aliyatazama yakipita ndani ya kichwa chake, kisha akayafungia.

"Gari ni gari," alisema. "Swichi ziko kwenye dashibodi. Wewe si dereva?"

Sydney alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua amekosea wapi, akarudi kupangusa kioo.

Jumanne waliondoka saa mbili asubuhi na mashine tatu kwenye trela. Sydney aliendesha vizuri. Hilo Wekulo alilikubali ndani kwa ndani na likamchoma zaidi. Aliachia nafasi ya kutosha mbele yake, hakuvuta usukani ovyo, na kila alipokata kona alitazama kioo kuhakikisha trela linafuata. Njiani alizungumza habari za nyumbani kwake Kware, ghorofa ya tano, ambako maji hupanda mara mbili kwa wiki. Mkewe aliitwa Wanja, binti yao Jacky alikuwa darasa la kwanza. Wekulo, aliyekaa Kware hiyo hiyo barabara mbili kutoka pale, alijibu kwa "mm" na "eeh".

Pale juu, kabla barabara haijaanza kuteremka, walisimama kunywa chai. Ukungu ulikuwa bado unapanda kutoka bondeni. Sydney alilipia chai zote mbili na mahindi ya kuchemsha, akampigia Wanja kumwambia wamefika salama hadi hapo. Kisha akasimama kando ya pikapu, akitazama chini.

"Hapa wewe hushuka na gia gani, mzee?"

"Gia ya pili tangu juu."

"Ya pili?" Sydney alishangaa. "Na breki ya eksozi iko? Si tutafika kesho. Na ya tatu, nikiwasha eksozi?"

Swali lilikuwa zuri. Lilikuwa swali la mtu anayejua kazi yake. Kama breki ile ingekuwa nzima, gia ya tatu ingetosha, na Wekulo mwenyewe alikuwa ameshuka hivyo mara nyingi. Alipaswa kusema hapo. Badala yake alisikia tu "si tutafika kesho", na akili yake ikaligeuza kuwa kejeli.

"Wewe ndiye dereva," alijibu, akapanda akafunga mlango.

Sydney aliingiza gia ya tatu, akabonyeza swichi. Taa ya manjano ikawaka. Pikapu ikainamisha pua.

Kwa kilomita ya kwanza haikuonekana shida. Sydney alikanyaga breki kidogo, akaachia, akakanyaga tena. Kwenye kona ya pili alikanyaga kwa muda mrefu zaidi. Trela lilianza kusukuma. Wekulo alilisikia mgongoni, ule mgongano mdogo kwenye ndoano, kama mtu anayekugusa bega foleni isogee. Sydney alitazama taa, akazima swichi, akawasha tena.

"Hii kitu inashika kweli?" aliuliza.

Wekulo hakujibu. Baadaye, usiku na mchana, angeirudia dakika hiyo, na kila mara angejikuta mahali pale pale: hakuwa ameogopa, wala hakuwa amesahau. Alikuwa anangoja. Alitaka huyu mtu wa kicheko ageuke amwambie, mzee, nimeshindwa, nisaidie. Alimpa kona moja zaidi.

Harufu ilikuja kabla ya kona hiyo kwisha. Harufu ya breki zinazoungua haifanani na nyingine. Ni kama nywele na mpira na chuma vimewekwa kikaangoni pamoja. Sydney alikanyaga na mguu wake ukaenda chini, chini, mpaka sakafuni, na gari halikujali.

"Mzee! Hakuna breki!"

Ndipo Wekulo alipofungua mdomo. "Eksozi haifanyi kazi. Niliifunga kwa waya. Ingiza ya pili!"

Sydney aligeuka akamtazama. Mara moja tu, kwa muda wa kupepesa jicho. Hakukuwa na hasira katika uso ule. Kulikuwa na mshangao, kama wa mtu aliyepigwa na ndugu yake. Kisha akarudi kwenye kazi. Alikanyaga klachi, akavuta gia kutoka ya tatu, akasukuma ya pili. Lakini mwendo ulikuwa umeshapita kiasi. Gia ililia kama mnyama, ikakataa. Alijaribu kurudisha ya tatu, nayo ikakataa. Sasa hawakuwa na gia yoyote. Injini ikabaki inaunguruma peke yake, haishiki kitu, na tani zile zote zikawa huru.

Alivuta breki ya mkono. Ilikuwa kama kuvuta uzi.

Mbele, barabara ilinyooka kidogo, na mwisho wake palikuwa na magari yaliyosimama nyuma ya lori lililoharibika, basi la abiria likiwa la mwisho. Kando yake wauza matunda walikuwa wakipita dirisha kwa dirisha na mifuko ya tunda damu. Upande mmoja bonde, upande wa pili, ng'ambo ya barabara, ukuta wa mwamba. Sydney alitazama kama kuna gari linalopanda. Halikuwapo.

"Mzee, shika," alisema.

Akakata usukani kuelekea mwamba, upande wake yeye.

Wekulo alivunjika mguu wa kushoto mahali pawili na mbavu tatu. Sydney hakufika hospitali. Mashine moja ya kusaga ilikuwa imeruka kutoka kwenye trela, ikapita juu ya kichwa cha pikapu. Katika basi lile na miongoni mwa wauza matunda wale, hakuna aliyekwaruzwa.

Alilala wodini wiki tatu. Sydney alizikwa kwao Murang'a katika wiki ya pili, na Wekulo akasikia habari hizo kutoka kwa mchomeleaji wa yadi aliyekuja kumtazama: kwamba baba wa marehemu, Mzee Phares, alikataa kusema neno kaburini. Phares alikuwa dereva wa lori maisha yake yote. Alipoambiwa mwanawe alishuka Mai Mahiu kwa gia ya tatu akivuta trela, alisema mtoto aliyemfundisha mwenyewe hangefanya ujinga huo akiwa na akili timamu. Wengine wakadakia kwamba basi alikuwa amelewa. Neno hilo lilitoka Murang'a likafika Kware kabla ya maturubai ya matanga kukunjwa.

Afisa wa polisi alikuja wodini na karatasi. Mkaguzi alikuwa amelitazama gari: breki zimeungua kwa kukanyagwa mfululizo, gia imeachwa huru. Chini ya pikapu kila kitu kilikuwa kimepondeka, na hakuna aliyetafuta waya wa nondo wenye urefu wa kiganja.

"Ulimshauri lolote?" afisa aliuliza.

"Nilimwambia gia ya pili tangu juu."

"Akafanya nini?"

"Akaingiza ya tatu."

Afisa aliandika, Wekulo akatia sahihi. Hakukuwa na neno la uongo katika karatasi ile hata moja. Mbeti alipokuja jioni na chupa ya uji, alikuwa ameshasikia, akamshika mkono. "Nilikosea kukutoa kwenye usukani," alisema. "Ungekuwa wewe, tusingekuwa hapa." Wekulo aligeuza uso ukutani, na Mbeti akadhani ni maumivu.

Alirudi Kware kwa magongo mawili. Ghorofa ya tatu alipandishwa na mwanawe Ryan na jirani mmoja. Mkewe, Nakhumicha, alikuwa amemtandikia kochi karibu na dirisha ili apate mwanga, ingawa mwanga wenyewe ulitoka kwenye mwanya mwembamba kati ya jengo lao na la jirani. Hapo alikaa mchana kutwa akisikiliza watu wa ng'ambo wakisuuza vyombo.

Siku ya sita Wanja alikuja.

Alikuwa mwembamba kuliko Wekulo alivyomwazia, na kitambaa cheusi kichwani. Alileta parachichi nne kwenye mfuko, akazikabidhi kwa Nakhumicha kwa mikono miwili, akakaa kwenye ukingo wa stuli.

"Pole, Baba Ryan. Nilitaka kuja hospitali lakini mambo yalikuwa mengi."

"Pole ni kwako, mama," alisema Wekulo.

"Nimekuja kukushukuru." Wanja alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitambaa chake. "Nimesikia ulimwambia ashuke polepole. Kwamba ulimwambia gia ya pili. Hakukusikiliza, lakini wewe ulijaribu. Watu wengine hawangejali." Aliliachia pindo. "Nataka kuuliza jambo moja tu. Alikuwa amelewa? Niambie ukweli, sitalia. Mimi nilimwacha asubuhi akiwa mzima, amekunywa chai na mkate. Lakini baba mkwe anasema mambo, na dada zake wameanza kuniuliza kama nilikuwa namficha. Jacky ameambiwa shuleni."

"Hakuwa amelewa," Wekulo alisema. "Hata kidogo."

"Basi kwa nini?"

Wekulo alitazama parachichi mezani. "Mteremko ule ni mbaya," alisema.

Wanja alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa maji machungu akaamua kuyanywa. Alishukuru tena, akaaga. Walimsikia akishuka ngazi, hatua kwa hatua.

Nakhumicha alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na kisu cha kukatia mboga ya sukuma mkononi. Walikuwa wameoana miaka ishirini na nane. "Baba Ryan," alisema, "umemficha nini yule mama?"

Akamwambia. Alimwambia yote, kuanzia Ijumaa ile hadi mwamba, bila kumtazama. Alipomaliza, mkewe aliweka kisu chini.

"Ulitaka afe?"

"La! Mungu wangu, la. Nilitaka aniulize. Nilitaka tu aone kwamba hajui kila kitu."

"Alikuuliza yadini."

Wekulo aliyashika magongo yake, akayalaza tena sakafuni.

"Alikuuliza yadini," Nakhumicha alirudia, "na akakuuliza mlipokunywa chai, chai aliyokununulia yeye. Na akakuuliza gari likiwa linakimbia. Mara tatu, Wekulo." Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu Ryan azaliwe. Alikaa kwenye stuli ileile aliyokalia Wanja, akafunika uso kwa leso yake. Alipoishusha alisema, kwa sauti iliyochoka, "Ukisema, watakushika. Hilo nalijua. Nimefikiria nikwambie unyamaze, Mungu ananiona. Lakini mimi hukutana na yule mama kwenye foleni ya maji. Siwezi kusimama nyuma yake nikiwa na haya. Nenda wewe, au nitaenda mimi."

Alikwenda kesho yake saa nne asubuhi. Kutoka nyumba hadi nyumba hapakuwa mbali, lakini magongo na matope ya Kware vilimfanya achukue nusu saa, na ngazi za ghorofa tano akazipanda kwa kukaa chini na kujivuta kinyumenyume, ngazi baada ya ngazi, watoto wakimruka. Wanja alikuwa akianika sare ya shule kwenye kamba barazani. Alimkimbilia kumsaidia. Wekulo akamzuia kwa kiganja.

"Usinisaidie, Mama Jacky. Ngoja kwanza nikwambie."

Alimwambia pale pale sakafuni, mgongo ukiwa umeegemea ukuta. Hakujitetea kwa macho yake wala kwa kazi aliyonyang'anywa. Alisema, taa iliwaka lakini breki haikuwapo, na mimi nilijua. Alisema, gia ya tatu ingetosha kama nisingefunga ule waya. Mumeo hakukosea hesabu, nilimpa hesabu ya uongo. Alisema juu ya basi na wauza matunda na namna Sydney alivyotazama barabara kabla ya kukata. "Mwishoni aliniambia nishike. Alijua ni mimi niliyemfikisha pale, na bado akaniambia nishike."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye sare. Wanja aliibana nguo ya mwisho kwenye kamba. Halafu akamchapa kofi. Halikuwa kofi la nguvu, mkono wenyewe ulikuwa na povu, lakini sauti yake ilifanya mlango wa jirani ufunguke. Akainua mkono tena, akaushusha.

"Jana nilikuletea parachichi," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikushukuru, ukanyamaza."

"Ndiyo, mama."

Aliingia ndani akafunga mlango. Wekulo alibaki barazani, hajui kama ashuke au akae. Baada ya robo saa Wanja alitoka amebadilisha nguo, mkoba begani, uso umeoshwa. "Inuka," alisema. "Utayasema hayo mahali yatakapoandikwa."

Kituo kilichoshika faili kilikuwa chini kabisa ya mteremko wa Mai Mahiu. Walisafiri kwa matatu, viti vya mbali mbali, Wekulo nyuma kwa sababu ya mguu, Wanja mbele karibu na dereva. Gari lilipoanza kuteremka, Wekulo alifumba macho. Alisikia Wanja akimuuliza dereva kitu, na gari likapunguza mwendo pale palipokuwa na mkwaruzo mweupe mwambani, na vioo bado vikimetameta ukingoni.

Afisa alikuwa yule yule wa wodini. Alisikiliza, akaweka kalamu chini, akasikiliza tena. "Mzee, unaelewa unachofanya? Faili hii ilikuwa inafungwa."

"Naelewa."

"Hujalazimishwa na huyu mama?"

"Nimechelewa tu. Sijalazimishwa."

Iliwachukua saa mbili kuandika taarifa mpya. Ilipomalizika, Wanja aliomba asomewe, kisha akaomba akubaliwe kuisoma mwenyewe kwa simu. Afisa alisita, akatazama mlango, akamsogezea karatasi. Wanja akampigia baba mkwe wake.

"Baba, ni mimi. Niko polisi. Usikate, nisikilize mpaka mwisho."

Alisoma yote kwa sauti isiyotetemeka. Wekulo, kwenye benchi, alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mjane: mimi nilijua, sikumwambia, aliniuliza. Alipomaliza, upande wa pili palikuwa kimya kiasi kwamba Wanja alitazama simu kuona kama imekatika. Kisha akamnyooshea Wekulo.

"Anakutaka."

Sauti ya Phares ilikuwa nzito, ya mtu mzima aliyezoea kusema juu ya kelele za injini. "Wewe una mtoto?"

"Ninaye, mzee. Ryan."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

Alisubiri. Alisikia jogoo akiwika huko Murang'a, na mtu akiburuta kiti.

"Sina neno la kukwambia," Phares alisema, akakata.

Mbeti hakumfukuza kwa maneno. Alimpelekea tu vitu vyake kwa mchomeleaji, koti, kikombe na miwani ya jua, vikiwa kwenye gunia. Jumamosi moja ya mwezi uliofuata Phares aliita watu wa kanisa lake, wakaenda kaburini, na akasema aliyokuwa hakuyasema. Inasemekana alizungumza zaidi ya saa nzima, akataja basi lile na wauza matunda, na kwamba alimaliza akiwa amepiga magoti. Wekulo hakualikwa, wala hakutarajia. Wanja alihama Kware mwisho wa muhula, akamchukua Jacky wakaenda kukaa kwa huyo mzee.

Wekulo alishtakiwa. Kesi yake imetajwa mara nne na kuahirishwa mara nne, na kila inapotajwa yeye hufika mapema, kabla milango haijafunguliwa. Mguu haukuunga vizuri. Nakhumicha humsindikiza hadi kituo cha magari, humfunga kifungo cha juu cha shati, kisha hurudi kwenye kibanda chake cha mboga. Hawazungumzii jambo hilo nyumbani tena. Siku ya foleni ya maji ikifika, ni yeye Wekulo anayekwenda kusimama na mitungi, na watu humwachia nafasi mbele na nyuma, pana kidogo kuliko inavyohitajika.